Somo la kikundi: Lenzi gani inafaa kwa picha ya kiwavi cha mahindi?

Ndugu wakulima, mama na baba wa koperative za Kasungami,

Mvua ikishaanza na mahindi yakifika magotini, majani yanaanza kutobolewa. Mtu anapiga picha na telefone, anatuma kwa agronomu, na jibu linarudi: «Sioni kitu, tuma ingine.» Siku zinapita. Kiwavi ameshaingia ndani ya moyo wa muhindi, dawa haimfikii tena, na makuta ya dawa yamepotea. Tuchague kifaa kizuri ili picha ya kwanza itoshe.

Tunatafuta nini?
Kiwavijeshi vamizi alitoka Amerika, akaonekana Afrika mwaka 2016. Usoni ana mstari mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Akiwa mkubwa ana sentimita 3 hadi 4, na telefone yenyewe inamuona. Akiwa na sentimita 1 alama zipo, lakini telefone peke yake haizioneshi vizuri. Kuvuta picha kwa vidole hakusaidii: inakuwa kubwa tu, haionyeshi zaidi.

Vifaa vitatu
1. *Lupe ya mara 10.* Ishike karibu na jicho, kisha sogeza jani mpaka kama sentimita 2 na nusu. Ni ya kutazamia, lakini ukiibana vizuri mbele ya kamera ya telefone, inatoa picha pia.
2. *Lenzi ya kubana kwenye telefone.* Hii ndiyo tunashauri mtu anunue kwanza. Chukua ya mara 10 au 15, ya kioo, na kibanio chenye mpira. Telefone ikiwa na kamera mbili ao tatu, ziba moja moja na kidole ujue ipi inafanya kazi, na ubane juu ya ile.
3. *Kamera kubwa yenye lenzi ya makro.* Inatoa picha nzuri sana, lakini bei ni kali. Ingoje.

Usidanganywe na namba
Muuzaji atakuambia ya mara 60 ni bora. Hapana. Kadiri inavyokuza, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inakuwa nyembamba, na upepo kidogo tu unaharibu picha. Tena utaona jicho la kiwavi bila kuona kichwa chote.

Mbele ya kulipa, jaribu pale sokoni: piga picha ya maandishi madogo ya noti ya franka. Katikati isipokuwa safi, rudisha.

Shambani
- Piga asubuhi, upepo ukiwa mdogo.
- Kata jani na kiwavi wake, weka juu ya karatasi nyeupe, fasi ya kivuli chenye mwangaza.
- Weka punje ya muhindi kando, agronomu ajue ukubwa.
- Usiguse skrini kutafuta uwazi. Sogeza telefone mbele na nyuma polepole.
- Tuma picha tatu: jani lote, mwili, kichwa.

Tuzungumze katika kikundi
Lenzi moja inatosha watu wangapi? Nani ataitunza, ndani ya kikopo na kitambaa safi? Na nani atapita mashambani kila juma, mahindi yakiwa bado madogo?