Ya Baba Watoto Nani Anaihesabu?

Barua ya leo imetoka Pongwe, ile kata ya Tanga unayoipita ukitoka mjini kuelekea Muheza. Mwandishi wake ni mama wa watoto watatu. Ameachika, anaponda kokoto kwa kibarua, na kaya yake imo TASAF, ule mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya masikini. Kuelekea Idi alijinunulia dera. Siku aliyolivaa kwenda bombani, jirani mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Masikini akipata, matako hulia mbwata." Mwingine akadakia kwamba masingo maza ndio zao, wanazaa ovyo halafu kodi zetu ndizo zinazolea. Mdogo wangu ananiuliza: aende kwa mtendaji akafutwe jina, apumue?

Usiende. Nakwambia mapema ili usisome huku roho iko juu.

Tuanze na hilo la kuzaa ili ulipwe, maana ndilo linalosemwa sana na ndilo jepesi kulivunja. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, ambao ndio huo wa TASAF, ulizinduliwa Dodoma Agosti 2012. Kwa viwango vya kipindi kile cha kwanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000, na hapa ndipo wasemaji wanapoteleza: ile 4,000 haikuwa ya kila mtoto. Ilikuwa ya kaya nzima, uwe na mmoja au uwe na sita. Mtoto wa shule ya msingi alileta 2,000, tena kwa sharti la kuhudhuria darasani. Ukijumlisha kila kitu, kaya haikuvuka 38,000 kwa mwezi. Sasa niambieni, ni mwanamke gani wa Pongwe atakayebeba mimba miezi tisa, ajifungue, anyonyeshe, amlee mpaka afike darasa la kwanza, ili aje achukue 2,000 isiyotosha hata sabuni ya kufulia sare? Viwango viliguswa baada ya kipindi cha pili kuzinduliwa Februari 2020, lakini mshahara havijawa.

Halafu nani kawaambia kila mwanamke wa TASAF ni singo maza? Mpango wenyewe unapendelea fedha ipokelewe na mwanamke wa kaya, hata mume akiwepo. Huyo mnayemkodolea macho pengine kamwacha mume ndani, anaumwa, hajasimama tangu mfungo uliopita.

La pili, na hili ulishike vizuri. Jina lako halikupitia mlango wa nyuma. Utaratibu unaanzia kwenye mkutano wa mtaa: wakazi wenyewe wanasema nani ana hali mbaya kwa vipimo vya kwao, na kaya hizo zinaandikwa. Kisha kuna dodoso: mnakula mara ngapi, nyumba imeezekwa kwa nini, mna nini ndani. Majibu yanachujwa kwa kompyuta, na orodha inarudi mkutanoni isomwe mbele ya watu. Kutangazwa masikini hadharani, mbele ya mawifi, wapangaji wenzio na mwalimu wa mtoto wako, si jambo dogo. Ulilipia kwa aibu kabla hujapokea shilingi. Na huyo jirani wa bombani huenda siku hiyo alikuwepo, akanyoosha mkono kukubali. Akikusema leo anausema mkutano wake mwenyewe.

Sisemi kila anayelalamika ana husuda. Uhakiki wa walengwa wa TASAF wa mwaka 2016 ulifyeka maelfu ya kaya zisizostahili, wakiwemo watu waliokwisha kufa. Ndipo neno "kaya hewa" likaingia midomoni mwetu. Na wapo waliokosa wakati hali zao ni kama yako tu, maana uswahilini tofauti ya aliyepata na aliyeachwa inaweza kuwa mabati machache juu ya paa. Mtu huyo akikutazama kwa jicho la uchungu, mwelewe. Lakini malalamiko yake ayapeleke kwenye mkutano wa mtaa au kwa maafisa wa mpango halmashauri, asiyamalizie kwenye dera lako.

Wala msidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 1976 Ronald Reagan, akiutafuta urais wa Marekani, alizunguka na kisa cha mwanamke mmoja wa Chicago aliyejiandikisha kwa majina chungu nzima kula fedha za misaada. Tapeli huyo alikuwepo kweli. Ila tangu hapo akina mama masikini wanaolea peke yao kule, weusi hasa, wakavishwa sura yake. Huku kwetu kaya hewa zimefanya kazi hiyo hiyo: waliodanganya ni wengine, anayesutwa ni mponda kokoto.

Mnaujua lakini huo upondaji kokoto? Mwanamke anakaa chini juani, jiwe kaliweka katikati ya pete ya mpira wa tairi ili vipande visimrukie machoni, nyundo mkono wa kulia. Anapiga asubuhi mpaka alasiri, na hela haiji mpaka mwenye lori atokee anunue lile fungu. Lori lisipokuja wiki nzima, wiki nzima ni mkopo wa dukani. Huyo ndiye anayeambiwa TASAF imemfanya mvivu. Hela zenyewe zinakwenda wapi? Kwenye majaribio ya mwanzo ya ruzuku hii, yaliyofanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia 2010, watafiti walirudi kutazama kaya zilizopokea, na moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba watoto wa humo walikuwa na viatu zaidi kuliko wenzao. Viatu, jamani.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Sisi watu wa pwani tunajisifu kwa huruma, na kweli tunayo. Ikifika Ramadhani yatima wanaitwa, wanafuturishwa, wanagawiwa kanzu na mabuibui ya Idi. Mjane anakaa eda anapelekewa unga na sukari mpaka stoo inajaa. Lakini mtoto ambaye baba yake yuko hai na hatoi hata mia, huyo hayumo kwenye orodha ya mtu. Yatima si yatima. Mama yake naye mjane si mjane. Ni "aliyeachwa", na aliyeachwa kwetu anatafutiwa kosa kwanza, huruma baadaye. Binti aliyezalishwa nyumbani ndio kabisa, watu walimtaka akae jikoni mpaka nywele ziote mvi; ilibidi utoke waraka wa serikali Novemba 2021 ndipo wasichana waliojifungua wakaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida.

Nami nauliza, kwenye hesabu zote hizi baba yuko wapi? Bombani wanajua ruzuku ya mama imeingia tarehe ngapi, kanunua nini, kabakisha kiasi gani. Ya baba hakuna anayeijua wala anayeiulizia. Anapita na bodaboda yake, anapigiwa honi na salamu juu. Kila shilingi ambayo TASAF inaweka pale ni shilingi ambayo mtu mzima mwenye nguvu zake ameiacha wazi. Kama ni kodi zetu zinazowauma, basi wamkamate yeye.

Kwa hiyo mdogo wangu, kazi yako wiki hii ni hii. Mtafute afisa ustawi wa jamii. Mtendaji wa kata atakuelekeza. Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, talaka yako kama ilitolewa kwa maandishi, na kumbukumbu yoyote inayoonyesha baba anapata kipato na amewahi kutoa au hajatoa. Mara nyingi huanza kwa kumwita mkae chini mwelewane. Akikaidi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuruhusu kudai matunzo Mahakama ya Watoto, nayo hutazama kipato cha wote wawili kabla ya kupanga kiasi. Hata aliyezaa nje ya ndoa anayo haki hiyo, na ubaba ukikanwa upo utaratibu wa kupima vinasaba. Mama zetu hawakuwa na bahati hii: sheria ya zamani tuliyorithi kwa mkoloni ilimwekea baba wa mtoto wa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na ilibaki kwenye vitabu mpaka hii mpya ilipoifuta.

Ruzuku yenyewe ilinde. Usiikopee kwa wakopeshaji wa kausha damu, nakuomba, maana wale watakula malipo matatu kabla hujayaona. Ingia kikundi cha kuweka akiba cha walengwa wenzio. Kikikomaa, sajilini kikundi muombe ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, isiyo na riba, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4. Uwe na genge, uwe na kuku, chochote kisichotegemea lori la kokoto.

Na la majibu: usigombane bombani. Ukitupiwa tena, mtazame usoni umwambie kwa upole, "Mkutano wa mtaa ulinipitisha, nawe ulikuwepo." Kisha jaza ndoo yako uondoke. Ukianza kujitetea ulinunuaje nguo, utajitetea mpaka ulivyonunua chumvi.

Ninyi mnaosoma huku mkijua baba wa watoto hao ni kaka yenu, shemeji yenu au mwanenu wa kumzaa, msiseme hayawahusu. Mfuateni kijiweni mkamwambie watoto wake wanakula nini, kabla barua ya ustawi wa jamii haijamfikia.