SOMO LA MWEZI: KUIBARIKI ISRAELI NI KUFANYA NINI?

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 12:1-3; Mwanzo 25:7-10; Warumi 9:1-5; Wagalatia 3:26-29.



Katika darasa letu la Kipaimara hapa Miteja, kijana mmoja alileta kijitabu alichopewa katika semina mjini. Kimetolewa na chama cha Kikristo kisichotafuta faida, ambacho kazi yake ni kuwafundisha Wakristo kuipenda na kuitetea nchi ya Israeli. Alileta pia bendera ndogo ya nchi hiyo, akaomba itundikwe kanisani. Bendera haikutundikwa, naye akauliza: "Mwalimu, Mungu alimwahidi Ibrahimu kuwabariki wote wambarikio. Mbona sisi twaogopa baraka?"

Sisi tuliozeeka na chaki mkononi twajua kwamba mtoto akiuliza kwa moyo safi hafai kunyamazishwa. Basi na tujifunze pamoja.

1. Jina moja, maana nyingi

Mtu akituambia, "Nakwenda Kilwa," twamwuliza, "Kilwa ipi?" Yuko anayekwenda Kisiwani, yuko wa Kivinje, yuko wa Masoko, na wilaya nzima nayo ni Kilwa. Asipouliza, msafiri atashuka pasipo pake.

Jina Israeli ni vivyo hivyo. Kwanza ni jina alilopewa Yakobo baada ya kushindana mweleka usiku kucha (Mwanzo 32). Pili ni makabila 12 ya wazawa wake; na baada ya Sulemani ni ufalme wa kaskazini, uliogawanyika na Yuda. Tatu, watu husema Israeli wakiwa na maana ya Wayahudi wote, popote walipo duniani. Nne ni dola iliyotangazwa tarehe 14 Mei 1948, yenye serikali, bunge, majeshi na kodi kama dola nyingine. Ndani yake wamo pia raia Waarabu, Waislamu kwa Wakristo.

Kosa la vijitabu vingi ni kuanza safari na Yakobo na kuimaliza kwenye serikali ya leo, bila kumwambia msomaji kwamba njiani amebadilishiwa gari.

2. Habari hizi zilianza zamani

Tusidhani kwamba mafundisho haya ni ya jana, wala kwamba hayatuhusu Waanglikana. Mwaka 1809 Waingereza walianzisha mjini London chama cha kuwahubiri Wayahudi, na wengi katika chama hicho walitamani Wayahudi warudi katika nchi ya baba zao. Mwaka 1841 Michael Solomon Alexander, aliyezaliwa Myahudi, aliwekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Yerusalemu. Kanisa la Kristo lililo karibu na Lango la Yafa liliwekwa wakfu mwaka 1849, nalo liko mpaka leo.

Hata Afrika ya Mashariki iliguswa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa huko Urusi nchi ya Uasin Gishu, ambayo leo imo katika Kenya. Wenyeji wa nchi ile hawakuulizwa. Mkutano wa Wayahudi uliikataa ahadi hiyo mwaka 1905.

Katika siku zetu vyama vya namna hii vimeongezeka. Mwaka 1980 bunge la Israeli lilitunga sheria kwamba Yerusalemu yote ni mji mkuu wake, na nchi zilizokuwa na ubalozi humo zikauhamisha. Hapo Wakristo kutoka nchi mbalimbali wakafungua "Ubalozi wa Kikristo wa Kimataifa" mjini humo. Chama hiki hukusanya mahujaji kila mwaka wakati wa Sikukuu ya Vibanda, husaidia Wayahudi wahamiaji, na kina matawi katika nchi nyingi. Mwaka 2006 mchungaji John Hagee alianzisha kingine huko Marekani, ambacho huwaendea wabunge na viongozi kuitetea Israeli.

3. Lililo jema tulishike

Yatupasa kukiri kwamba vyama hivi vyatukumbusha jambo la kweli. Bwana wetu Yesu ni Myahudi, na Mama yake, na Mitume wake. Mtakatifu Paulo aliwahuzunikia ndugu zake. Lakini kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliwadharau na kuwafukuza Wayahudi, na katika vita kuu ya pili Wanazi waliwaua watu wapatao milioni sita. Mkristo anayemchukia Myahudi kwa kuwa ni Myahudi amelikana shina linalomchukua.

Lakini lililo pungufu tulione. Manabii waliipenda Israeli kuliko sisi, wala hawakuwasifu wafalme wake kwa kila jambo. Nathani alimkemea Daudi. Eliya alimkemea Ahabu kwa ajili ya shamba la Nabothi. Kumbe kubariki si kuitikia "ndiyo" kila wakati. Mzazi anayembariki mwanawe ndiye huyo huyo anayemwonya.

4. Nchi yetu ilivyofanya

Baada ya Uhuru, wataalamu wa Israeli walitusaidia katika kilimo, ushirika na mafunzo ya vijana. Baada ya vita vya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipinga nchi kutwaa ardhi ya wengine kwa vita, wala hakusema kwamba Israeli isiwepo. Mwezi Oktoba 1973 Tanzania ilivunja uhusiano. Ulirudishwa mwaka 1995, na ubalozi wetu ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018. Kwa hiyo mtu aweza kuwa rafiki, akakataa, akarudi, bila chuki.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliwaua watu wapatao 1,200 katika Israeli. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Katika vita vilivyofuata wameuawa Wapalestina makumi ya maelfu huko Gaza. Humo imo hospitali ya Al-Ahli, ambayo ni ya Dayosisi yetu ya Kianglikana ya Yerusalemu. Askofu Mkuu wa huko, Hosam Naoum, ni Mpalestina. Mwaka 2006 mmoja wa watangulizi wake, Askofu Riah, na viongozi wengine watatu wa makanisa ya Yerusalemu waliandika kuyakataa mafundisho yanayoifungamanisha Injili na utawala wa nchi. Je, ndugu hao tumewahi kuwaombea?

5. Sisi wa Miteja

Wakristo hapa tu wachache. Jirani mmoja, mzee Mwislamu ambaye kila msiba huja na jembe lake kuchimba kaburi pamoja nasi, alisikia habari ya ile bendera. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Mwalimu, tumegombana lini?" Hatukuwa na jibu.

Tusome tena Mwanzo 25:9. Ibrahimu alipokufa, ni nani waliomzika? Isaka na Ishmaeli, wote wawili, katika pango la Makpela. Walikuwa wametengwa tangu utotoni, wakakutana kaburini kwa baba. Baraka ya Ibrahimu haikumfukuza mmoja wao mazikoni.

Basi, kijana wetu, hatukuogopa baraka. Bendera ya dola haina kazi kanisani, iwe ya Israeli au ya wanaopigana nayo. Wabariki Wayahudi kwa kuwaombea amani na kukataa kuwatukana. Wabariki Wapalestina vivyo hivyo. Nawe ukipewa kijitabu, uliza: ni Israeli ipi inayosemwa? Nani hakutajwa? Jirani yangu akikisoma, nitaweza kumtazama usoni?

Maswali ya kujadiliana

1. Taja maana nne za jina Israeli, na mfano mmoja wa kila moja.
2. Soma 1 Wafalme 21. Je, Eliya aliibariki Israeli au aliilaani?
3. Ni jambo gani tutafanya mwezi huu pamoja na majirani zetu Waislamu?

Tuombe: Ee Mungu wa Ibrahimu, wape amani wote wanaomwita baba, utulinde sisi tusiitafute baraka yako kwa kumpoteza jirani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.