Majivu Humkausha Fukusi

Wazee walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mahindi au kunde usipoitunza italiwa na fukusi kabla watoto wako hawajaila. Mkulima wa Sengerema anavuna, anajaza kihenge, anashukuru. Baada ya miezi michache anafungua na kukuta unga unga na punje zenye matundu. Hata mbegu za msimu ujao zimetobolewa!

Bibi zetu walichanganya kunde na majivu ya jikoni. Wengine wetu tuliwacheka, tukasema hayo ni mambo ya kizamani. Leo tujifunze kwa nini majivu yanafanya kazi, na wapi yanashindwa.

KITU KIDOGO HUKAUKA UPESI

Nenda mwaloni siku ya jua kali. Dagaa walioanikwa asubuhi, jioni wamekauka. Lakini sangara mzima akianikwa hapo hapo, ataoza kabla hajakauka ndani. Kitu kidogo hupoteza maji upesi kuliko kitu kikubwa.

Sasa fukusi ni mdogo kuliko dagaa. Hana kisima wala mtungi. Anaishi miezi mingi ndani ya mahindi makavu. Mbona yeye hakauki?

NTA NDIYO KOTI LAKE

Jibu liko juu ya mwili wake. Mdudu ana gamba gumu, na juu ya gamba hilo kuna utando mwembamba sana wa nta na mafuta. Hatuwezi kuuona kwa macho. Utando huu unazuia maji ya mwilini yasitoke. Unazuia pia maji ya nje yasimloweshe. Dondosha tone la maji juu ya mende, utaona linateleza kama juu ya jani la gimbi.

Mafuta haya yana kazi nyingine. Sisimizi hutambuana kwa mafuta hayo. Wanapapasana, na mgeni mwenye mafuta tofauti anashambuliwa. Mbung'o dume naye akimgusa jike humtambua kwa mafuta yaliyo juu ya mwili wake. Basi, kwa mdudu mafuta haya ni koti na tena ni kitambulisho.

Fukusi hupata maji kidogo yaliyomo ndani ya punje. Maji mengine mwili wake huyatengeneza kutokana na chakula, kwa msaada wa hewa anayovuta. Maji hayo ni machache. Yanamtosha kwa sababu koti lake halivuji.

MAJIVU YANAFANYA NINI?

Mwaka 1945 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Wigglesworth alieleza majaribio yake. Alimweka mdudu anyonyaye damu juu ya vumbi kali lililosagwa laini. Mdudu alipotambaa, vumbi lilikwaruza nta ya tumbo lake, akapoteza maji upesi. Mdudu asiyejikwaruza hakupoteza maji hivyo.

Majivu makavu nayo humharibia fukusi koti lake. Hukwaruza nta na kufyonza mafuta. Tena huziba nafasi kati ya punje, fukusi wakashindwa kutembea, kutafutana na kutaga mayai.

JINSI YA KUFANYA

1. Anika kunde mpaka zikauke sawasawa. Kwa mahindi, tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, kisha tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi.

2. Chukua majivu ya kuni yaliyopoa kabisa, uyachekeche. Usitumie majivu ya plastiki wala ya mbao zilizopakwa rangi.

3. Changanya vikombe 3 vya majivu kwa kila vikombe 4 vya kunde. Juu yake weka majivu matupu, unene wa vidole viwili.

4. Funika, uweke mahali pakavu. Majivu yakiloa hayana nguvu tena.

5. Kabla ya kupika, pepeta na uoshe vizuri.

Njia hii yafaa kwa mbegu na akiba ndogo ya nyumbani. Kwa magunia mengi, majivu hayo utayapata wapi?

MAJIVU YANAPOSHINDWA

Funza wa fukusi hukaa ndani ya punje, na majivu hayamfikii. Kwa hiyo changanya mara tu baada ya kukausha. Usingoje mpaka uone matundu.

Tena yuko dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakamwita Scania. Yeye hutoboa hata mahindi yaliyo kwenye magunzi. Usimtegemee majivu peke yake. Pukuchua mahindi, yakaushe, kisha muulize bwana shamba dawa ya ghalani inayofaa.

Siku hizi ipo pia mifuko isiyopitisha hewa. Ukiijaza punje kavu na kuifunga vizuri, hewa ya ndani inakwisha. Fukusi akikosa hewa hali tena, wala hawezi kutengeneza maji mwilini. Naye hukauka, hata kama koti lake ni zima. Lakini mfuko ukitobolewa na panya, kazi yote imeharibika.

Onyo: dawa ya pamba isitiwe kwenye chakula hata kidogo! Ni sumu. Inaweza kuua watu.

JARIBIO LA KUFANYA DARASANI

Chukueni chupa mbili. Tieni kunde kiasi kile kile na fukusi 10 katika kila chupa. Moja itieni majivu, nyingine msitie. Fungeni midomo kwa kitambaa. Baada ya siku chache hesabuni fukusi walio hai, muandike daftarini.

MASWALI

1. Kwa nini dagaa hukauka upesi kuliko sangara?
2. Nta ina kazi gani kwenye mwili wa fukusi?
3. Kwa nini majivu yaliyoloa hayafai?
4. Mwaka huu nyumbani kwako mmepoteza madebe mangapi kwa fukusi? Jadilianeni mtafanya nini mavuno yajayo.