Masini za ofisi hazionani? Tutafute ugonjwa kutoka mizizi hadi majani



Somo la mara hii haliko la mbegu wala la mbolea. Liko la masini za ofisi, lakini mwisho wake unagusa kilo zenu na feza zenu.

Huku Basoko, koperative yenye masini mbili ao tatu inazipanga hivi: moja depo, karibu na mizani, ingine kwa sekretere, ingine kwa mtunza feza. Mpunga unapimwa na kuandikwa depo, kisha mtunza feza analipa kwa kufuata ile liste. Masini zikishindwa kusoma liste moja, mtu anaitia kwa kle na kuitembeza. Jioni kunakuwa liste mbili. Mama aliyeleta gunia 6 anakuta kwa mtunza feza zimeandikwa 4. Haiko wizi, lakini nani ataamini? Koperative nyingi hazikuvunjwa na njaa, zilivunjwa na mashaka.

Tuelewane kwanza juu ya maneno

Rezo ni njia inayounganisha masini za ofisi moja, kwa kable ao kwa wifi. Haihitaji intaneti. Hata siku mega zimekwisha, hata siku simu haishiki, depo na sekretere wanaweza kusoma dosie moja. Kwa hiyo mtu akisema "hakuna intaneti, ndiyo maana liste haionekani", mjue bado hajatafuta.

Linux ni sisteme inayoendesha masini, sawa vile Windows. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Aina moja inayojulikana sana, Ubuntu, ilitoka mwaka 2004 kwa mkono wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Koperative zinaipenda sababu hailipiwi, inakubali masini zilizozeeka, na virusi vya Windows vinavyotembea kwa kle haviisumbui.

Samba ni programu inayofanya Linux izungumze na Windows juu ya dosie. Andrew Tridgell wa Australia aliianza mwaka 1992. Mkiweka Linux kwa masini mbili na kubakiza Windows kwa ya tatu, Samba ndiyo mkalimani wenu.

Kanuni: usingoe shamba lote

Mkulima akiona majani ya muhogo yamegeuka manjano, hakati shamba lote siku hiyo. Anaangalia udongo, mizizi, shina, kisha majani. Kwa rezo ni vile vile. Makosa makubwa ni kufuta kila kitu na kuanza upya mbele ya kujua ugonjwa uko wapi. Fuateni hatua hizi, moja kwa moja, na msiruke hata moja.

Hatua ya 1: kurani na kable. Rutere imewaka? Taa ndogo ya pale kable inapoingia inacheza? Panya wanapenda kable za depo kuliko mpunga wenyewe. Badilisheni kable na ile ya masini inayotembea vizuri. Kama ugonjwa umehama pamoja na kable, mmepata jibu bila kugusa masini.

Hatua ya 2: adresi. Kila masini kwenye rezo ina namba yake, sawa namba ya nyumba. Kwa Linux, fungua terminali na uandike:

ip a

Tafuta namba kama 192.168.1.10. Usipoiona, masini haikupewa adresi: rudi hatua ya 1. Kwa Windows, adresi inayoanza na 169.254 ina maana ile ile.

Kisha, kutoka depo, uliza masini ya sekretere kama inasikia:

ping 192.168.1.10

Ikijibu, njia ni nzima. Isipojibu, usipoteze wakati na maneno ya siri, ugonjwa ungali chini.

Hapa ndipo koperative nyingi zinaanguka. Jana liste ilionekana, leo haionekani, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Juu ya nini? Grupu inazimwa jioni. Asubuhi rutere inaamka na inaweza kugawa adresi upya. Masini ya sekretere ilikuwa 10, leo ni 14, na depo ingali inabisha mlango wa 10. Dawa: ndani ya rutere, fungeni adresi ya masini inayotunza liste ili isibadilike. Rutere inakula kurani kidogo sana kuliko masini, kwa hiyo mwenye pano ndogo na batri anaweza kuiacha ikiwaka.

Hatua ya 3: mlango. Njia ni nzima lakini dosie haionekani. Angalieni kama Samba iko kazini kwenye masini ya sekretere:

systemctl status smbd

Kisha muulize kama fishie yake ya mipango ina kosa:

testparm

Kama ukuta wa ulinzi umewashwa, fungueni mlango wa Samba:

sudo ufw allow samba

Msitegemee masini kuonekana yenyewe kwenye ukurasa wa "rezo". Windows za sasa na Linux hutafutana kwa njia tofauti, na kutoonekana pale hakumaanishi kuharibika. Andikeni adresi nzima: kwa Linux smb://192.168.1.10/mpunga, kwa Windows \\192.168.1.10\mpunga.

Neno moja juu ya masini za zamani. Windows XP inajua paka lugha ya kwanza ya kugawana dosie, inayoitwa SMB1. Samba toka toleo 4.11 la mwaka 2019 imeifunga, na Windows 10 ilianza kuiacha mwaka 2017. Watu watawaonyesha namna ya kuifungua tena. Msikubali. Kwa mlango huo, mwezi wa 5 mwaka 2017, kirusi WannaCry kilifunga fishie za masini nyingi sana duniani na kuomba malipo. Masini ya XP, iwekeeni Linux nyepesi, itafanya kazi.

Hatua ya 4: ufunguo. Mlango unaonekana lakini unaomba jina na neno la siri, kisha unakataa. Mjue hivi: Samba ina daftari lake la maneno ya siri, tofauti na lile la kuingilia masini. Kumfungulia mtu wa depo akaunti kwenye Linux hakutoshi. Andikeni tena:

sudo smbpasswd -a depo

Msijaribu kuacha dosie wazi bila neno la siri ili "iwe rahisi". Windows mpya zinakataa mgeni asiye na jina. Na liste ya feza haiachwi wazi, sawa vile sanduku la feza.

Hatua ya 5: ruhusa. Depo inasoma liste lakini haiwezi kuandika. Hapa kuna vizuizi viwili, na vyote viwili lazima vikubali: Samba na Linux yenyewe. Samba, usipoiambia kitu, inatoa ruhusa ya kusoma paka. Linux nayo inaangalia dosie ni ya nani. Ubuntu toka toleo 21.04 inafunga dosie ya nyumbani ya kila mtu, kwa hiyo msiweke liste ndani ya nyumba ya sekretere. Iwekeni mahali pa wote:

sudo groupadd koperative
sudo usermod -aG koperative depo
sudo mkdir /srv/mpunga
sudo chgrp koperative /srv/mpunga
sudo chmod 2770 /srv/mpunga

Mstari wa pili rudieni kwa kila mwenye haki ya kuandika. Ndani ya /etc/samba/smb.conf ongezeni:

[mpunga]
path = /srv/mpunga
valid users = @koperative
read only = no
force group = koperative
create mask = 0660
directory mask = 2770

Kisha: sudo systemctl restart smbd. Mistari mitatu ya mwisho ina faida kubwa: fishie iliyozaliwa depo, mtunza feza naye ataweza kuisahihisha.

Hatua ya 6: fishie yenyewe. Kila kitu ni kizima, lakini LibreOffice inasema fishie inatumiwa na mtu mwingine. Hiyo haiko ugonjwa, ni ulinzi. Anayefungua liste anaacha alama ya siri pembeni, inayoanza na .~lock. Kurani ikikatika, alama inaweza kubaki hata kama mwenyewe ameenda nyumbani. Pigeni simu kwanza, hakikisheni hakuna aliyefungua, kisha futeni alama. Msichague "fungua kopi". Liste mbili zinazaliwa hapo hapo.

Angalieni pia majina. Kwa Linux, Mpunga.ods na mpunga.ods ni fishie mbili. Na saa: masini yenye batri ndogo iliyokufa inarudi nyuma kila kurani inapokatika, na tarehe ya fishie inadanganya. Asubuhi linganisheni saa ya kila masini na ya simu.

Daftari libaki mezani

Kugawana dosie si kutunza kopi. Mtu akifuta liste depo, imefutika kwa wote. Kila siku ya tano, wekeni kopi kwenye diski ya nje, ilale nyumba ingine. Na rejista ya karatasi isiachwe: sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa tarehe 15 Desemba 2010, inaomba rejista ya wanamemba kwenye makao ya koperative, na Kongo ni ndani ya OHADA toka mwaka 2012.

Zoezi kwa mkutano ujao

1. Andikeni kwenye karatasi adresi ya kila masini, mbandike ukutani.
2. Zimeni rutere, iwasheni, angalieni kama adresi zimebadilika.
3. Mwanamemba mmoja apimiwe gunia depo, mbele ya wote. Mtunza feza afungue liste yake. Kilo zikilingana, rezo yenu ni nzima. Zisipolingana, rudini hatua ya 1, na siku hiyo malipo yafuate daftari la karatasi.