SOMO LETU: KIMYA KWENYE MKUTANO



Mambo ya katiba na daftari tumeyasoma mara nyingi katika ukurasa huu. Leo tuangalie akili ya mtu akiwa ameketi katikati ya wenzake, na mbinu chache ndogo ambazo zinaweza kumsaidia aseme yaliyo moyoni.

Kuna kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea. Wanachama 22, wengi wao akina mama, na kwa miaka miwili walikuwa wamechanga wakafika shilingi 64,000. Siku moja mwenyekiti akasimama, akasema amepata pampu ya maji ya bei nafuu, imetumika kidogo tu, na itanyunyizia nyanya na sukuma wiki kule mtoni. Akauliza, "Si tumekubaliana?" Wote wakaitikia, "Tumekubaliana!" Makofi matatu yakapigwa. Mimi pia nilikuwa hapo, na nilipiga.

Tukiwa njiani kurudi, mama mmoja akaniambia polepole, "Lakini hiyo pampu mimi naijua. Haivuti maji." Mwingine akadakia, "Kumbe hata wewe unaijua?" Kufika barabarani nilikuwa nimehesabu wanne. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Pampu ilinunuliwa, ikafanya kazi wiki tatu. Kikundi kikavunjika, na ndani ya pesa zile kulikuwa na karo za watoto zilizokuwa zikingojewa Januari.

Kwa nini watu wanne wazima wanyamaze? Si ujinga. Mtaalamu wa saikolojia aitwaye Solomon Asch alilichunguza jambo hili huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliketisha vijana wa chuo pamoja, akawaonyesha mstari mmoja uliochorwa kwenye kadi, kisha kadi nyingine yenye mistari mitatu. Swali: upi kati ya mitatu unalingana na ule wa kwanza? Hata mtoto wa nasari angejibu. Lakini vijana wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu baya kwa makusudi, na yule asiyejua aliulizwa karibu na mwisho. Amesikia wenzake wote wakisema kitu ambacho macho yake yanakataa. Basi, katika zamu hizo za majibu mabaya, karibu theluthi moja ya majibu ya wale wasiojua yalifuata ya wenzao. Walipokuwa peke yao hawakukosea karibu kabisa.

Na hao walikuwa vijana tu, na mambo yenyewe ni mistari. Sasa mfikirie mama ambaye shamba lake limepakana na la mwenyekiti, mke wa mwenyekiti ndiye msimamizi wa ubatizo wa mtoto wake, na mvua ikinyesha ataomba ng'ombe wao wa kulima. Huyo atainua mkono aseme pampu ni mbovu?

Lakini Asch aliona mambo mengine mawili, na hayo ndiyo ya kutufaa. Alipokuwepo mtu mmoja tu aliyesema kweli, yule kijana alipata nguvu na makosa yakapungua sana. Na aliporuhusiwa kuandika jibu lake bila kusikiwa, yalipungua pia.

Kwa hiyo mwenyekiti aseme mwisho. Akisema kwanza, mkutano umekwisha, mnabaki kunywa chai tu. Anzeni na wale wadogo na wapya. Hili si jambo la kisasa: Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliagiza abate awaite watawa wote kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora.

Kwa jambo la pesa nyingi, pigeni kura ya mahindi na maharagwe. Kila mtu apewe punje moja ya mahindi na moja ya maharagwe. Mahindi ni ndiyo, maharagwe ni hapana. Wekeni mkebe nyuma ya nyumba au ndani ya chumba, uwe na kifuniko chenye tundu. Mmoja mmoja aende, atumbukize punje moja, ile nyingine aiweke kwenye mkebe wa pili wa mabaki. Asiyejua kusoma anapiga kura sawasawa na mwalimu. Anayeshika mkebe asiwe aliyeleta mpango. Hesabuni mbele ya wote. (Kifuniko ni muhimu. Kuna mahali kuku alikula kura mbili, tukaanza upya.)

Halafu lile swali, "Si tumekubaliana?" Hilo lina jibu lake mdomoni. Uliza hivi: "Tuseme mwaka umepita na mpango huu umeharibika. Ni nini kilichouharibu?" Hapo hata rafiki wa mwenyekiti ana ruhusa ya kutaja kasoro bila kuonekana mpinzani. Ukishauliza, nyamaza, uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ni vigumu, mimi mwenyewe nilikuwa nikijaza kile kimya kwa hotuba. Mara nyingi mtu huanza kusema ukifika saba au nane.

Kuna kimya kingine, cha kazi. "Mtu apeleke vitabu vikaguliwe." Wote wanaitikia, hakuna anayeenda. John Darley na Bibb Latané walichapisha utafiti wao mwaka 1968: mwanafunzi akisikia kwa vipaza sauti mwenzake anashikwa na kifafa, na akidhani ni yeye tu anayesikia, 85 kati ya 100 walitoka kusaidia kabla kelele hazijakoma. Walipodhani wengine wanne wanasikia pia, walikuwa 31 tu. Hawakuwa wabaya, kila mmoja alimwachia mwenzake. Basi taja jina na siku: "Mama Fulani, utapeleka vitabu Jumanne?" Ungoje ajibu kwa mdomo wake.

Kwa mwenye deni, mwendee kwanza peke yake, kama Mathayo 18 inavyofundisha. Keti kando yake, si kumkabili kama hakimu.

Tahadhari: mbinu hizi hata matapeli wanazijua. Mwaka 2006 na 2007, mipango ya piramidi ilipokula pesa za Wakenya wengi, mtu alikuwa akisimamishwa mbele za watu kushuhudia, "Mimi niliweka, nikapata." Baada ya ushuhuda wa tatu, nani angeuliza swali? Kikundi kiwe na sheria: mpango wowote wa pesa hauamuliwi siku ulioletwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mkutano wetu uliopita, nani hakusema neno? Tunajua sababu, au tunadhani tu?

2. Je, kuna jambo ambalo tulilikubali kwa makofi na kulilalamikia njiani? (Msitaje majina. Jibuni kwanza kwa mahindi na maharagwe, mhesabu, ndipo mzungumze.)

3. Mkutano ujao, nani ataulizwa kwanza?