Somo la 14: Uvimbe katika Tumbo la Uzazi

Soma: Marko 5:25-34.

Mama mpendwa, mwanamke huyu alitoka damu miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga, wala hakupona. Wako wengi kati yetu walio kama yeye. Wanafunga nguo mbili mbili, wanabaki nyumbani siku ya ibada kwa haya, nao wanadhani wamerogwa.

Si ulozi. Mara nyingi ni uvimbe wa nyama ngumu unaomea katika ukuta wa tumbo la uzazi. Karibu sikuzote si kansa. Huwapata hasa wanawake wa miaka 30 hata 50, na siku za mwezi zikikoma kabisa huelekea kunywea.

Basi, ni lazima kupasuliwa? Si kila mtu. Kama uvimbe haukuumizi wala haukutoi damu nyingi, uuache, uje upimwe tena kwa wakati utakaoambiwa. Kama damu ni nyingi, kwanza turudishe nguvu: vidonge vya chuma, pamoja na sombe, maharagi na sambaza. (Chakula peke yake hakitoshi damu ikiisha kupungua sana.) Ziko dawa za kupunguza damu ya mwezi, tena kiko kitanzi chenye dawa, kinachowekwa ndani na kukaa miaka. Hivi havitoi uvimbe. Vinampa mama nafasi ya kupumua na kufikiri.

Unatamani mtoto bado? Munganga aweza kutoa uvimbe tu, na kuacha tumbo la uzazi. Kazi hiyo huweza kumwaga damu nyingi, na uvimbe mwingine huweza kumea baadaye. Ukipata mimba, mwambie mkunga mapema, usizalie nyumbani. Pengine utazaa kwa kupasuliwa.

Kutoa tumbo lote la uzazi ni njia nyingine. Damu ya mwezi inakoma, uvimbe haurudi, lakini hutazaa tena kamwe. Kwa hiyo asikusukume mtu, wala mama mkwe, wala munganga mwenye haraka. Kwa mama wa miaka 45 mwenye watoto sita, anayeongezewa damu mara kwa mara, mimi naona ni njia njema. Kwa dada wa miaka 28 asiye na mtoto, iwe ya mwisho kabisa.

Watu husema mke aliyetolewa kizazi si mwanamke tena. Ni uongo. Bwana wake aje asikie mwenyewe, apate kuuliza. Majuma 6 mama asibebe maji wala kuni, wala wasilale pamoja. Wewe bwana, ndoo ile ni yako.

Lakini damu ikitoka tena mwaka mmoja au zaidi baada ya siku za mwezi kukoma, usiseme ni uvimbe tu. Pengine ni kansa. Njoo juma hili hili. Na ukilowesha nguo nzima kila saa, ukiona kizunguzungu, njoo leo, hata usiku, pamoja na ndugu wawili wanaoweza kutoa damu.