Picha na Maelezo Yake katika Mitandao ya Kijamii: Somo la Usimulizi kutoka Kizwite, Sumbawanga

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya picha na maneno yanayoandamana nayo katika usimulizi wa mitandao ya kijamii. Hoja kuu ni kwamba katika mitandao hiyo hadithi hukaa zaidi katika maelezo kuliko katika picha yenyewe, na kwamba mwenye kuandika maelezo ndiye mwenye kukalia kiti cha msimulizi. Mifano imetolewa katika mazingira ya Ufipa, mahali ambapo maelezo ya picha yana uzito wa pekee kutokana na sifa iliyobandikwa mji wa Sumbawanga.

1.0 Utangulizi

Usimulizi kwa njia ya picha zinazopigwa kwa simu ya mkononi umekuwa sehemu ya maisha ya kila siku ya vijana wa Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuufanya kuwa mada ya utafiti hukabiliwa na swali la msingi: je, picha yenye maelezo ya mistari miwili ni hadithi, au ni tangazo tu la jambo lililotokea? Akikosa kulijibu swali hilo, utafiti wake hugeuka orodha ya picha zilizopendwa na watu.

Na achukuliwe mwanafunzi anayeishi katika kata ya Kizwite, katika Manispaa ya Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974. Mwanafunzi huyo ana simu yenye kamera, na anakusudia kuyasimulia maisha ya mji wake na ya uwanda wa Ufipa kwa watu wasiopata kufika huko. Makala haya yanafuata hatua ambazo hapana budi azipitie: historia ya utanzu anaoutumia, nadharia itakayomwongoza, uchambuzi wa picha zake, na wajibu wake kwa watu anaowapiga picha.

2.0 Picha na Hadithi kabla ya Simu

Ni kosa kudhani kwamba usimulizi wa picha uliingia katika Kiswahili pamoja na intaneti. Mjini Zanzibar studio za picha zilikuwapo tangu karne ya kumi na tisa, miongoni mwao ikiwa ile ya A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio. Picha za wakati huo zilisafiri mbali zikiwa kadi za posta. Mara nyingi kadi hizo hazikutaja jina la mtu aliyepigwa picha. Zilimtaja kwa kabila, kazi au jinsia yake, kwa lugha ya mnunuzi aliyekuwa Ulaya. Sura ilikuwa ya Mzanzibari, lakini kauli ilikuwa ya mwingine.

Njia ya pili ilikuwa hadithi za picha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la African Film lilimtangaza mpelelezi Lance Spearman katika nchi nyingi za Afrika. Nchini Tanzania, Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo (1965), aliongoza jarida la Film Tanzania, ambamo waigizaji walipigwa picha moja moja na mazungumzo yao kuchapwa juu ya picha hizo. Msomaji aliifuata hadithi kutoka picha hadi picha, kama afuatavyo aya za kitabu.

Njia ya tatu ni ya magazeti tando, kama Ndesanjo Macha alivyoziita blogu. Mwaka 2005 mpigapicha wa magazeti, Issa Michuzi, alianzisha blogu iliyokuja kujulikana sana miongoni mwa Watanzania waliokuwa nyumbani na ughaibuni. Picha zake ziliandamana na maelezo mafupi ya Kiswahili, na wasomaji wakaongeza maoni yao chini yake. Nchini Kenya nako, Picha Mtaani, maonyesho yaliyoanzishwa na Boniface Mwangi mwaka 2009, yalizipeleka barabarani picha za machafuko ya 2007/2008 ili wananchi wazitazame na kuzijadili. Katika mifano yote miwili, hadhira ilipewa nafasi ya kusema. Instagram, iliyoanza mwaka 2010, ilikuta ardhi ambayo tayari ilikuwa imelimwa.

3.0 Nanga na Upokezano

Mwaka 1964 Roland Barthes alitofautisha kazi mbili zifanywazo na maneno yanapoandamana na picha. Kazi ya kwanza inaweza kuitwa nanga. Picha ina maana nyingi zinazoelea. Maneno huizuia isipeperuke, yakamwelekeza mtazamaji kwenye maana moja na kumfungia nyingine. Kazi ya pili inaweza kuitwa upokezano. Hapa maneno na picha hupokezana usimulizi, kila kimoja kikisema ambacho kingine hakikusema.

Kwa mizani hiyo, maneno ya kadi ya posta ya Zanzibar yalikuwa nanga, ilhali mazungumzo ya Film Tanzania yalikuwa upokezano. Mtafiti anaweza kuanza kwa kuuliza swali hilohilo juu ya kila picha ya mtandaoni: maneno haya yanaifunga picha, au yanaiendeleza? Picha iliyofungwa ni taarifa au hukumu. Ile inayoendelezwa ndiyo huanza kuwa hadithi, kwa maana huwa na jambo lililotangulia na litakalofuata.

4.0 Uchambuzi wa Mifano

4.1 Jina la mji

Jina la Sumbawanga huelezwa kuwa linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kuutupa uchawi. Ajabu ni kwamba katika utani wa Watanzania mji huo umepewa sifa ya kuwa makao ya uchawi. Jina linaloamuru kitu kitupwe limesomwa kama tangazo la kuwapo kwake. Kwa hiyo picha yoyote itokayo Kizwite, iwe ya soko, ya barabara yenye ukungu au ya Milima ya Mbizi, huwa imekwisha tiwa nanga kabla ya mwanafunzi kuandika neno. Neno Sumbawanga peke yake ni maelezo tosha kwa mtazamaji aliye mbali.

4.2 Picha ya shamba

Wakulima wa Ufipa wanajulikana kwa kilimo cha ntumba. Majani hukusanywa na kufunikwa kwa udongo katika vichuguu vya duara, yakaoza na kuirutubisha ardhi. Shamba la namna hiyo, likitazamwa kutoka mahali pa juu, huonekana kama uwanda uliojaa vilima vidogo visivyohesabika. Picha hiyo moja inaweza kuandikiwa maelezo matatu:

(a) “Maajabu ya Sumbawanga. Nani kazika nini hapa?”

(b) “Kilimo cha ntumba, Ufipa.”

(c) “Majani uliyoyaona juu ya ardhi mwezi uliopita sasa yamo ndani. Mama mwenye shamba anasema mvua ikikawia, yatamngoja.”

Maelezo ya (a) yanategemea nanga ya utani, nayo yanaufuta ujuzi wa mkulima. Maelezo ya (b) ni nanga ya kweli, lakini hayasimulii. Ni yale ya (c) pekee yanayofanya upokezano: yanaleta wakati uliopita usioonekana pichani, yanaleta wakati ujao, na yanamleta mhusika. Kamera hushuhudia kwamba kitu kilikuwapo mbele yake. Haiwezi kusema kilikuwaje jana.

Hapa pana suala la lugha pia. Mkulima huenda akaieleza kazi yake kwa Kifipa, na mwanafunzi akaandika Kiswahili. Neno “tuta” halitoshi kuwa tafsiri ya ntumba, kwani tuta kwa kawaida ni refu, tena halilazimiki kuwa na majani ndani yake. Kuliacha neno la Kifipa lilivyo na kulieleza kwa vitendo, kama ilivyo katika (c), ni uamuzi wa kiusimulizi ambao mtafiti anapaswa kuutambua na kuutetea.

4.3 Picha ya bibi

Mfano wa tatu unaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Mwanafunzi anampiga picha bibi kizee jikoni. Macho ya bibi ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni alioupikia miaka mingi. Kwa miongo kadhaa, katika sehemu za magharibi na kaskazini-magharibi ya Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu yametajwa kuwa miongoni mwa dalili za dhana hiyo. Picha ya bibi huyo ikiandikiwa mzaha wa uchawi, wanaocheka wako Dar es Salaam au London, lakini anayebaki na majirani ni bibi. Maelezo ya picha, ambayo kwa wengi ni kijalizo tu, yanaweza kuwa shutuma.

Picha hiyohiyo ikielezwa kwa kutaja moshi, kuni na chakula kilichokuwa chunguni, inaiondoa dhana hiyo kwa kuonyesha chanzo. Huo ndio usimulizi kwa maana yake kamili: kulifungamanisha tukio na sababu yake.

5.0 Fanani, Hadhira na Wakati

Wataalamu wa fasihi simulizi, akiwamo Mulokozi (1989), wamesisitiza utendaji, yaani kukutana kwa fanani na hadhira mahali na wakati maalumu. Mtandao wa kijamii unafanana na hali hiyo kwa sehemu. Hadhira hujibu papo kwa papo, na tangu 2016 Instagram ina picha zinazodumu kwa saa 24 kisha zikatoweka, kama sauti ya mtambaji inavyotoweka baada ya ngano. Lakini kufanana huko kuna mipaka. Mtambaji wa Ufipa, ambaye sanaa yake ilikusanywa na Roy Willis katika kitabu cha 1978, aliwaona wasikilizaji wake na aliweza kuigeuza kauli walipokunja uso. Msimulizi wa mtandaoni hawaoni. Isitoshe, picha inayopaswa kutoweka inaweza kunakiliwa na mtazamaji yeyote, ikasambazwa bila maelezo ya awali na kutiwa nanga mpya. Udhaifu huu ndio unaofanya uteuzi wa maneno kuwa jambo la kwanza, wala si pambo la mwisho.

Masimulizi ya kale ya Wafipa yanatoa taswira inayofaa. Yanaeleza jinsi wanawake wageni walivyofika Milansi wakati mtawala hayupo, wakakalia kiti chake na kudai nchi. Katika usimulizi wa picha, kiti hicho ni maelezo. Mwenyeji asipokikalia, mgeni atakikalia, naye ataipa nchi sura aitakayo.

6.0 Wajibu wa Msimulizi

Kutokana na hayo, idhini ya mpigwa picha ina pande mbili: idhini ya picha na idhini ya maneno. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zinamkumbusha mwanafunzi kwamba mtandao si uwanja usio na mwenyewe. Hata hivyo sheria ni kiwango cha chini. Mtafiti wa fasihi anapaswa kumsomea mhusika maelezo aliyoyaandika, kwa lugha aielewayo, kabla ya kuyatangaza, na kuyabadili akikataliwa. Mtoto asipigwe picha bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Mabadiliko anayoyataka mhusika yaandikwe katika daftari la utafiti, kwa kuwa tofauti baina ya maelezo ya kwanza na ya pili ni data yenye thamani kubwa: huonyesha mahali ambapo msimulizi na msimuliwa hawakukubaliana.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usimulizi wa picha katika Kiswahili una nasaba ndefu, kutoka kadi ya posta hadi hadithi ya picha, na kutoka gazeti tando hadi simu ya mkononi. Yameonyesha vilevile kuwa dhana za nanga na upokezano zinamwezesha mtafiti kuzitenga picha zinazohukumu na zile zinazosimulia. Kwa mwanafunzi wa Kizwite suala hili si la nadharia tupu, kwa vile mji wake umekwisha simuliwa na wengine. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu nafasi ya lugha za jamii, Kifipa ikiwa mojawapo, katika maelezo ya picha yanayoandikwa kwa Kiswahili, na kuhusu namna majibu ya hadhira yanavyoibadili hadithi baada ya kutoka mikononi mwa msimulizi.